Muulize Fundi: Maji yamechemka kwenye 95, sensa imekufa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni teknisiani kwenye kiwanda cha maziwa huku Mbarara, zamu ya usiku. Juzi bosi alichomoa sensa ya joto ya mashine ya kupasteraizi (kupasha maziwa moto kuua vijidudu), ile Pt100 inayopima joto kwa ukinzani wa umeme, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kontrola ikasoma 95. Akasema sensa imechoka, inapunja nyuzi 5, kwa hiyo niingie kwenye kontrola niweke ofseti (nyongeza ya kusahihisha) ya 5 ili isome 100. Sijagusa bado, roho inasita, ila yeye ni mkubwa na kanipita shule. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiguse kitu! Sensa yako ni nzima kabisa, iliyowadanganya ni ile sufuria. Hiyo 100 tuliyokariri shuleni ni ya maji yanayochemka usawa wa bahari, Mombasa kule, lakini Mbarara iko kama mita 1,400 juu, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, na kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka mapema kwa karibu nyuzi 1, sasa piga hesabu mwenyewe uone kama hukuti 95 na kidogo. Kabale ndio hata 94 hayafiki, waulize wapishi wa maharagwe wa kule kuni zinaishaje.

Sasa ona mtego ulipo. Maziwa yanatakiwa yafike 72 na yakae hapo sekunde 15. Ukiweka ofseti ya 5, kontrola itaandika 72 wakati maziwa yako 67, na ile valvu ya kurudisha maziwa ambayo hayajaiva haina macho yake, inaamini kontrola tu, itafungua njia na maziwa yataenda kwenye pakiti, na rekodi ya usiku kucha itakuwa safi kabisa haina doa. Kuna mtu atakwambia mbona kuna wanaopasteraizi kwa 63, ni kweli, lakini hao wanakaa nayo dakika 30, sio sekunde 15.

Ukitaka kuhakiki bila kugombana na mtu tumia barafu, maana barafu inayoyeyuka ni 0 Mbarara, ni 0 Mombasa. Ponda barafu ya maji safi, ijaze kwenye thamosi, ongeza maji kidogo, acha ianze kuyeyuka (ikitoka tu kwenye friza inakuwa chini ya 0, hapo wengi huteleza), koroga, zamisha sensa dakika kadhaa. Halafu itoe waya kwenye kontrola uipime kwa mita: kwenye 0 iwe omu 100, na kwenye lile sufuria lenu iwe kama 136.6, kwa sababu inapanda karibu omu 0.385 kwa kila nyuzi. Kama ina waya tatu, pima kwanza zile mbili za rangi moja, ulichopata ni omu za waya wenyewe, kitoe kwenye hesabu. Bosi usimwambie amekosea, mwambie mzee, hebu tujaribu na barafu tuone. Akiona 0 yake pale ataelewa mwenyewe.

SWALI: Fundi, kwa nini signali za umeme zinazopeleka vipimo kwenye panel huku kiwandani zinaanzia miliampea 4 na sio 0? Na tanki letu la maji la mita 5 panel inasema tupu wakati limejaa, mita inasoma 3.2. Jinja.

JIBU: 4 ni tanki tupu, 20 ni tanki limejaa, 8 ni robo, yaani mita 1 na robo kwenye tanki lako. Tupu ingekuwa 0 usingejua kama maji yameisha au panya amekula waya, na panel isiyojua tofauti itawasha pampu mpaka maji yamwagike uwanjani. Pia transimita (kile kifaa cha tankini kinachotuma kipimo) ya waya mbili inakula umeme wake humo humo kwenye hiyo 4, ukiinyima haiamki. Wazee wa signali za hewa walishaligundua hili, walianzia psi 3 wakaishia 15, uwiano ule ule.

Kwa hiyo 3.2 sio tupu, ni ugonjwa. Pima volti kwenye vituo vya transimita yenyewe, usipime kwenye panel, ukikuta pungufu sana ya 24 fuata waya nyuma, na ufungue kile kiboksi cha maungio pale tankini, mvua ya Jinja ikiingia humo kutu haichelewi. Volti zikiwa sawa basi transimita yenyewe inalia, nyingi zimewekwa zishuke chini ya 3.6 zikijiona mbovu. Mkiwa bado mnatafuta, toeni pampu kwenye oto isijiwashe yenyewe, mtu apande ngazi achungulie tanki.