Kusoma herufi zote si uthibitisho kwamba retina ni nzima

Kwa karibu mwaka mzima nilisoma herufi za ukutani hadi mstari wa chini, na kila mara niliambiwa kwamba macho yangu hayana tatizo. Hata hivyo, vijidoa vilielea mbele yangu kama masizi ndani ya maji, nikitoka juani kuingia ndani nilisimama mlangoni nikipapasa ukuta, na soksi nyeusi sikuweza tena kuitofautisha na ya buluu. Ni baada ya kutiwa dawa ya kupanua mboni ndipo daktari bingwa alipoona madoa ya rangi ya krimu yaliyotapakaa nyuma ya macho yote mawili, mfano wa chembe za risasi za kuwindia ndege. Sura hiyo ndiyo iliyoupa ugonjwa jina la birdshot mwaka 1980.

Katika ugonjwa huu wa nadra, kinga ya mwili huishambulia retina, yaani tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, pamoja na utando wa mishipa ya damu ulio nyuma yake. Karibu wagonjwa wote wana alama ya kurithi iitwayo HLA-A29, lakini wengi wenye alama hiyo hawaugui kamwe, kwa hiyo jibu la damu peke yake lisikutie hofu. Nilipimwa pia kifua kikuu na kaswende, jambo lililonikera wakati ule, ingawa magonjwa hayo nayo huleta uvimbe ndani ya jicho.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: omba kipimo cha upana wa kuona na kile cha umeme wa retina, kwa kuwa uoni wa katikati waweza kubaki mzuri huku retina ikiendelea kuharibika kimyakimya. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, usiiache ghafla, hata ukijiona umepona. Kwa kuwa ikitumika muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya macho, uliza mapema kuhusu dawa nyingine za kutuliza kinga, kama vile mikofenolati au adalimumabu.

Mwisho, dai nakala za vipimo vyako na uziweke kwa tarehe. Nilipohudumiwa na daktari asiyenijua, alizipanga zangu mezani, akanionyesha kivuli kilichokuwa kikitanuka pembeni mwa jicho la kushoto, ilhali dakika chache kabla nilikuwa nimezisoma herufi zote.