Miche ya liki haitaki haraka

Juzi dada mmoja wa Njoro anayelima liki, ile jamii ya kitunguu inayopendwa kwa shina lake refu jeupe, ameniandikia: "Kaka, miche yangu ya liki imelala yote siku ya tatu baada ya kuihamisha. Nimekosea wapi?" Nimeusoma ujumbe huo mara mbili, maana mimi pia nimewahi kusimama shambani kwangu Bahati nikiitazama miche imelala vivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza sikufika hata huko. Nilinunua mbegu duka moja mjini Nakuru, pakiti imepauka kwa jua, na sikuangalia tarehe. Mbegu za jamii ya vitunguu hazikai. Zikipita mwaka mmoja au miwili nguvu huisha. Nilimwagilia kitalu kitupu wiki tatu. Mbegu nzima hutoka kati ya siku 7 na 14, kijani chake kimejikunja kama goti.

Mara ya pili ziliota vizuri. Jirani alikuwa ameshapanda shamba lake, nami nikaona nimechelewa. Wiki ya tano nikang'oa miche myembamba kama uzi, nikaipanda juujuu na kushindilia udongo kama wa sukuma wiki. Mingi ilikufa. Iliyopona ilikuwa na weupe wa vidole viwili tu, kwingine kijani kitupu. Mnunuzi wa hoteli aliyeniahidi kuchukua mzigo wote alishika shina moja, akalipima kwa vidole, akalirudisha kwenye gunia na kuondoka. Jioni ile sikuzungumza na mtu nyumbani. Mpaka leo nikipita karibu na lango la hoteli ile, moyo huniuma.

Msimu huu nilingoja wiki kumi. Kila Jumamosi nilikwenda kitaluni na penseli ya mwanangu, nikailinganisha na shina. Zilipolingana unene, ndipo nikamwagilia jioni na asubuhi nikang'oa kwa uma, nikapunguza mizizi na ncha za majani.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Nilichukua mpini wa jembe uliovunjika, nikautia alama ya kisu sentimita 15 kutoka nchani, nikatoboa mashimo: sentimita 15 kati ya mche na mche, 30 kati ya mistari. Kila shimo mche mmoja, kisha kopo la maji. Maji yenyewe huteremsha udongo kidogo na kufunika mizizi. Shimo liache wazi! Mkono wa mkulima utakuwasha kulifukia, uzuie. Shina linanenepa humo gizani, na giza ndilo linaloleta weupe. Mengine ni palizi na kupandishia udongo kidogo kidogo.

Wiki iliyopita nimevuna. Weupe ni mrefu kuliko kiganja changu, na mama mmoja wa sokoni alinunua zote kabla sijatua gunia la pili.

Ndugu zangu wakulima, acheni kushindana na jirani. Ngojeni. Mche haujui jirani amepanda lini. Mche mwembamba hauhamishwi, hata mvua ikiwa imeanza, hata kama wote wanakucheka. Nasema tena, ngojeni.

Dada wa Njoro, kama kitaluni kumebaki miche, usiiguse. Mwagilia, palilia, chukua penseli ya mtoto. Ikilingana nayo, niandikie kabla hujang'oa hata mmoja.