Kupiga Windows ofisi nzima: acha mashine ijitafutie draiva yenyewe

Juzi kuna kijana yupo ofisi moja Mwanza kanitumia meseji, anasema "shikamoo kaka, nimepewa laptop 60 za kuhamisha kwenda Windows 11, kila nikipiga moja nakaa nusu siku natafuta draiva, nifanyeje?" (Kupiga ni kuweka Windows upya, na draiva ni zile programu ndogo zinazoifanya Windows itumie sauti, wifi, skrini na vifaa vingine.) Nikamjibu kwa voisi ndefu, halafu nikaona bora niandike hapa maana najua mpo wengi, hasa tangu Microsoft wafunge supoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na kila bosi akaamka anataka Windows 11 kesho asubuhi.

Hili jambo linanigusa jamani, ngoja niseme kwa nini.

Kuna ofisi niliajiriwa hapa Dar, nikakuta mashine za kila kabila maana walikuwa wananunua refurb (zilizotumika zikakarabatiwa) za Dubai mzigo kwa mzigo, leo EliteBook 840 G5, kesho Latitude 5490, keshokutwa ThinkPad T480. Utaratibu niliourithi pale ulikuwa flashi mbili, moja ya Windows na nyingine ina ile programu ya draiva zote za dunia ambayo kila fundi anaijua. Unapiga, unachomeka, unabonyeza "weka zote", unaomba Mungu. Mara tachipedi inagoma, mara wifi inakatika kila baada ya dakika kumi, mara brauza imeshaletewa matangazo ambayo hukuyaomba. Ikafika siku ya kikao cha video na wafadhili, laptop ya meneja haitoi sauti kabisa, na meneja akasema mbele ya wageni wote "ndio watu wetu wa IT hao". Mashine ile ilipigwa kabla mimi sijaingia pale. Lakini aliyekuwa amesimama mbele ya watu na waya mkononi ni mimi, na ile sentensi mpaka leo ninayo.

Basi nikaanza kubaki ofisini jioni. Nikachukua kompyuta moja iliyokuwa imekaa tu stoo nikaifanya seva, nikaweka MDT na WDS (programu za Microsoft, ya kwanza inapanga kazi ya kupiga Windows, ya pili inaituma kwa mtandao), mashine ziwe zinabuti kwa waya wa mtandao badala ya flashi. Sitawachosha na usiku wa kudownload, wenye bando za ofisi mnajua wenyewe. Nilipomaliza, unachomeka waya, unabonyeza F12 (HP na Lenovo nyingi hivyo hivyo), unachagua jina la mashine, unaenda kunywa chai, ukirudi Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) haina hata alama moja ya njano, ile ya draiva iliyokosekana. Nilijisikia fahari sana na sioni aibu kusema. Halafu mwisho wa mwaka ripoti ikaandikwa kwamba kazi ile imefanywa na kampuni ya nje iliyotuuzia swichi! Sawa. Kazi ninaijua mimi, na leo nawapa ninyi bure.

Kikubwa ambacho nataka ukishike ni hiki: usirundike draiva sehemu moja. Ukirundika, Windows itajichagulia kwenye lile rundo, na kuna siku itachagua ya modeli nyingine inayofanana namba za kifaa, hapo ndipo sauti inapotea na skrini inacheza. Kila modeli iwe na folda yake, na mashine yenyewe ijitambulishe ni nani ndipo ipewe cha kwake. Kwenye MDT unatengeneza folda ndani ya Out-of-Box Drivers, kwa mfano Windows 11, ndani yake HP, ndani yake HP EliteBook 840 G5, halafu kwenye task sequence (orodha ya hatua za kupiga Windows), kabla ya hatua ya Inject Drivers, unaweka variable inaitwa DriverGroup001 yenye thamani Windows 11\%Make%\%Model%, na pale kwenye selection profile (kichujio cha draiva zipi zichukuliwe) unachagua Nothing. Hiyo Nothing watu wanaisahau sana, wanaacha ilivyokuja, matokeo yake inachota draiva zote zilizopo na folda zako nzuri hazina kazi.

Sasa jina la folda lazima lifanane herufi kwa herufi na mashine inavyojiita yenyewe. Usikisie, usisome stika ya chini. Fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_ComputerSystem usome Manufacturer na Model. Dell anajiita "Dell Inc." na nukta yake hapo mwisho. HP mpya anasema "HP" ila za zamani zinasema "Hewlett-Packard", kwa hiyo ofisi yenye zote mbili inahitaji folda mbili. Lenovo ndiye msumbufu kuliko wote, ukimuuliza Model hakwambii ThinkPad T480, anakupa kitu kinachoanza na 20L5 au 20L6, yaani namba ya modeli ya kiwandani, na T480 mbili zilizokaa meza moja zinaweza kukupa namba tofauti. Lile jina la kawaida unalikuta kwenye Win32_ComputerSystemProduct, sehemu ya Version. Mimi nilimwandikia skripti fupi inayosoma pale badala ya Model na toka siku hiyo hajanisumbua.

Draiva zenyewe chukua kwa mwenye mashine. Dell, HP na Lenovo wote wanatoa pakiti za draiva kwa kila modeli, bure, zimetengenezwa kwa ajili ya kazi hii hii. Nyingi zinazidi GB 1 kwa hiyo shusha usiku mara moja uweke kwenye seva, basi. Na kama una mashine moja ambayo imetulia kila kitu kinafanya kazi, unaweza kuzitoa draiva zake kwa pnputil /export-driver * ukitaja na folda ya kuzihifadhi, hii imeniokoa kwenye modeli zile ambazo hata pakiti huzioni.

Halafu kuna WinPE, ule mfumo mdogo unaobuti kwanza. Yeye usimjazie. Anahitaji draiva ya mtandao na ya diski tu, sauti na kamera za nini kwake? Ila hizo mbili akizikosa ndio utalia. Prosesa za Intel za kizazi cha 11, mfano Latitude 5420, zina kitu kinaitwa VMD, kinachosimamia diski, bila draiva ya Intel RST kwenye WinPE unaambiwa hakuna diski wakati diski ipo na ni nzima kabisa. Nimeshaona fundi anafungua laptop kwa bisibisi kutafuta SSD mbovu kumbe ni faili tu. Na ukishaongeza draiva, ufanye Update Deployment Share halafu upeleke ile boot imeji mpya (faili la WinPE) kwenye WDS, vinginevyo mashine zinaendelea kubuti na ile ya zamani.

Kuna atakayesema MDT ni ya kale, na kweli Microsoft hawakuitangaza rasmi kwa Windows 11, na Januari 2026 wakaistaafisha kabisa. Sawa, tumia Configuration Manager (mfumo mkubwa wa Microsoft wa kusimamia mashine za ofisi), au fanya kwa mkono, dism /Image:C:\ /Add-Driver ukielekeza folda ya modeli na /Recurse mwishoni. Kanuni haibadiliki, folda ya modeli kwanza.

Baada ya hapo kuna kuzisasisha, maana pakiti ya leo mwakani imezeeka. Dell wana Command Update, unaiita kwa dcu-cli /applyUpdates. HP wana Image Assistant, Lenovo wana System Update. Zote zinakubali kuendeshwa kimya kimya, ziweke kwenye Task Scheduler zipige jioni watu wakishaondoka. BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows) itenge, usiichanganye na draiva za kawaida. Desktop isiyo na UPS umeme ukikatika katikati ya BIOS unaweza ukaipoteza, na laptop yenye BitLocker (kufuli la Windows la diski) ukiigusa BIOS bila Suspend-BitLocker kwanza, yaani kulisitisha kwa muda, asubuhi mhasibu anakutana na skrini ya bluu inadai rikavari kii, ile namba ndefu ya kufungulia, tarehe ya mishahara. Na Windows Update nayo huwa inaleta draiva zake kwa mlango wa nyuma, kama unataka kuisimamia mwenyewe ipo group policy (mipangilio ya Windows ya kusimamia mashine) ya kuzuia draiva zisije na apdeti, washa hiyo.

Ndugu zangu, msipeleke apdeti ofisi nzima siku moja. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja la CrowdStrike (kampuni ya usalama wa kompyuta), linalosomwa na draiva yao iliyokaa ndani kabisa ya mfumo, liliangusha mashine kama milioni 8.5 za Windows duniani, ndege zikakwama, hospitali zikakwama. Kama wakubwa vile yamewakuta, wewe na mimi ni nani? Anza na mashine moja ya kila modeli, mpe mtu anayeitumia kweli, siyo ile ya stoo. Apige simu ya video, aprinti, aifunge na kuifungua, achomeke projekta. Akikaa wiki bila kulalamika ndio unaachia kundi la pili.

Na hiyo programu ya draiva zote za dunia itupe, mdogo wangu. Itupe leo. Hujui nani kaifungasha wala kaweka nini ndani, halafu unaiendesha kwa haki za admin kwenye mashine ya malipo ya watu.

Yule kijana wa Mwanza nimemwambia aanze na T480 maana ndizo nyingi kwake. Ikigoma asianze kubahatisha, aende C:\Windows\INF afungue setupapi.dev.log atafute namba ya kifaa, ile inayoanza na PCI\VEN_. Akiona 8086 ni Intel, akiona 10EC ni Realtek, basi anajua pakiti ipi imepungukiwa. Nimemwambia anitumie hilo faili, siyo picha ya skrini.