Mtandao Ukikatika, Kazi Iliyo Kwenye Seva Isife

SWALI: Ninachakata data kwenye seva iliyo mbali, nikiingia kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri) kutoka kwenye kompyuta mpakato yangu. Kazi yenyewe huchukua saa 9 hivi. Mara mbili sasa intaneti imekatika usiku, na nilipoingia tena asubuhi nikakuta programu imekufa bila kuacha matokeo yoyote, ilhali seva haikuzimwa hata kidogo. Kwa nini kazi inayofanyika huko ife kwa sababu ya mtandao wa huku kwangu? Na je, amri ya nohup inatosha?

JIBU: Pole sana, kupoteza kazi ya usiku mzima kunaumiza, hasa pale ambapo hukukosea chochote katika programu yenyewe. Unapoingia kwa SSH, seva hukufungulia terminali, yaani uwanja wa kuandikia amri na kusoma majibu, na kuwasha ndani yake sheli, yaani programu inayopokea amri zako, na kila unachokianzisha hapo huwa mtoto wa sheli hiyo. Seva inapotambua kwamba mawasiliano yamekatika, terminali hufungwa, na sheli pamoja na programu zake hupelekewa ishara iitwayo SIGHUP. Ishara hii ilipata jina lake enzi za modemu, ikimaanisha kwamba mtumiaji amekata simu, na programu isiyopewa maelekezo mengine huipokea kwa kujizima. Kwa hiyo kilichoiua kazi yako ni kufungwa kwa terminali iliyokuwa imeishikilia.

Amri ya nohup huiambia programu iipuuze ishara hiyo, na maandishi yake yakaelekezwa kwenye faili la nohup.out. Kwa kazi isiyohitaji kuulizwa wala kujibiwa, inatosha. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuirudia programu hiyo kwenye skrini: ikisimama ikisubiri uandike neno moja tu, hutakuwa na mahali pa kuliandika.

Ndiyo maana nakushauri utumie tmux, au screen ambayo ni ya zamani zaidi, kwani ilianza mwaka 1987. Zote mbili huweka kikao kinachoishi kwenye seva yenyewe, na terminali ya programu zako ikawa mali ya kikao hicho badala ya kuwa mali ya muunganisho wako. Mtandao ukikatika, kinachokufa ni dirisha ulilokuwa ukichungulia.

Ingia kwanza kwenye seva kwa SSH, kisha andika tmux new -s data. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu wapo wanaoiwasha tmux kwenye kompyuta zao ndipo waingie kwenye seva, na hapo kinga yote inakuwa upande usiostahili. Utaona mstari wa kijani chini ya skrini, na jina la kikao, data, upande wa kushoto. Anzisha kazi yako humo. Ukitaka kuondoka, bonyeza Ctrl pamoja na b, viachie, kisha bonyeza d. Utarudi kwenye sheli ya kawaida huku kazi ikiendelea. Kesho yake, hata ukitumia kompyuta nyingine, ingia kwenye seva kwa akaunti ileile na uandike tmux attach -t data, nawe utaikuta skrini yako ilipofikia. Ukiwa umesahau jina, tmux ls itakuorodheshea vikao vyote vilivyo hai.

Jambo moja hupuuzwa mno: isipobadilishwa, tmux hukumbuka mistari 2000 tu ya maandishi yaliyopita. Programu inayoandika sana kwa saa 9 itakuwa imefuta kosa la kwanza kabla hujaamka, kwa hiyo elekeza maandishi yake kwenye faili pia, kwa kuongeza 2>&1 | tee kazi.log mwishoni mwa amri. Aidha, kwenye baadhi ya seva zinazotumia systemd, yaani programu inayosimamia huduma na michakato kwenye Linux, msimamizi ameweka mpangilio wa kuua michakato yote ya mtumiaji anapotoka, na tmux nayo hufagiliwa. Ukiona vikao vinatoweka kila unapotoka, mwombe akuruhusu kwa amri ya loginctl enable-linger, kisha uianzishe tmux kwa systemd-run --user --scope tmux new -s data, kwani ruhusa hiyo peke yake huenda isitoshe.

SWALI: Basi naweza kuiacha tovuti yetu ikiendeshwa ndani ya tmux siku zote?

JIBU: Hapana, na nasema hivyo bila kusita. Kikao huishi katika kumbukumbu ya seva, kwa hiyo seva ikiwashwa upya hutoweka pamoja na vyote vilivyomo, na tovuti itabaki imezimika hadi mtu aingie kuiwasha kwa mkono. Programu ya kudumu iandikie faili la huduma la systemd lenye mstari wa Restart=on-failure, kisha uiwezeshe kwa systemctl enable, ili iamke yenyewe seva inapowaka na iwashwe tena ikianguka. Tmux ibaki kwa kazi zenye mwanzo na mwisho, kama ile ya saa 9.