Kijiwe cha vilima vitano: jedi au kioo?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi fundi wa nakshi za milango huku Lamu. Marehemu babu alikua baharia, katuachia kijiwe cha kijani kina vilima vitano, urefu wake hauzidi kidole, jamaa ananambia eti ni jedi, lile jiwe la thamani la China, ya kulazia kalamu. Kweli? Na hao mafundi hutumia patasi gani, maana nimekikwaruza na kisu wapi, hata alama.
Fundi, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam fundi. Jamaa hakukosea kuhusu umbo, hicho ni kilazio cha brashi. Msomi wa kichina alikua anaandika kwa brashi na wino, akipumzika anailaza kati ya vilima viwili wino usichafue meza. Hapo mezani utakuta pia kibakuli cha kuoshea brashi, muhuri, kimnyama cha kukandamizia karatasi.

Patasi hamna! Jedi haichongwi kama mbambakofi, inasagwa. Fundi wa zamani alikua anakanyaga pedali, kisahani cha chuma kinazunguka, anatilia maji na mchanga mkali, na huo mchanga ndo uliokua unakula jiwe pole pole, chuma kinaubeba tu. Sasa kuna jedi mbili. Nefraiti, hasa ile ya mito ya Hotan kule Xinjiang, magharibi ya China, ndani ni nyuzinyuzi zimesukana kama jamvi ndo maana haipasuki ovyo, na jeshi la mfalme wa China, Qianlong, lilipoiteka Xinjiang 1759 mawe yakamiminika ikulu, naye alivyoyapenda akawa anachongesha mashairi yake mwenyewe juu yake (mfalme na mashairi yake, nani atamkataza). Ya pili ni jadeiti ya Burma, hiyo ndo ile kijani ya kung'aa.

Kisu kutoshika ni dalili nzuri ila haitoshi, kioo kigumu nacho kinaweza kukuchezea hivyo hivyo. Nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri, apime kijiwe kikavu, halafu akining'inize kwa uzi ndani ya maji apime tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa kile kiasi kilichopungua majini. Ukipata kama 3 hivi yaelekea ni nefraiti, 3.3 jadeiti, ikija 2.5 au 2.6 hiyo ni kioo au jiwe jengine la rahisi. Umri lakini mizani haisemi, kwa hiyo akija mtu na hadithi za merikebu za Zheng He, yule amiri wa kichina wa karne ya 15, ili akuuzie au anunue, mwambie alete ushahidi. Na kisu basi, usikwaruze tena.