Marinda ya kofia husimama kwa hesabu, si kwa gundi

SWALI: Fundi, pole na kazi. Nimefuma kofia ya kroshia yenye rangi za machweo kwa uzi wa akriliki wa unene wa wastani na kulabu ya milimita 5. Kichwa ni sm 56, nami nimepata mishono 84 ya kukizunguka. Kwenye marinda nilifuma mishono mirefu (ile ambayo uzi huzungushwa kwenye kulabu kabla ya kuiingiza) miwili ndani ya kila mshono kwa mizunguko mitatu. Marinda yanalala na kuniziba macho. Tena uzi wa rangi mchanganyiko, uliopendeza utosini, umegeuka madoadoa pembeni. Mmoja kanishauri niichovye kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mwingine kasema maji ya sukari, wa tatu kasema niipitishie pasi ya mvuke. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja. Pasi hasa iache mbali kabisa, nitaeleza sababu. Swali hili hunifikia kila mara, na karibu kila anayeuliza ameshapewa dawa ya kukazia kitambaa kabla hajaulizwa amefuma mishono mingapi. Wewe umetaja idadi, na tatizo limo humohumo kwenye idadi.

Hesabu ulichofanya. Ulianza na 84. Mzunguko wa kwanza wa marinda ukawa 168, wa pili 336, wa tatu 672. Mishono mirefu mitatu iliyopandana huwa na kimo cha sm 5 hivi. Ukingo bapa unaotoka sm 5 nje ya kichwa cha sm 56 unahitaji mzingo wa sm 87 tu. Mishono mirefu 672, kwa kipimo cha mishono 13 kwa kila sm 10, ni zaidi ya mita 5. Umelazimisha mita 5 zikae mahali pa sm 87. Urefu uliozidi hauna pa kwenda ila kupanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko tunakoita marinda. Kwa hiyo marinda umeyapata, tena kupita kiasi. Kilichokosekana ni cha kuyabeba.

Sasa angalia uzito. Mshono mrefu, kwa uzi na kulabu kama yako, hula uzi wa kama sm 6, na mshono mfupi, ule usiozungushiwa uzi kwanza, kama sm 4. Mkono wako unaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo fuma mishono 20, ifumue, pima uzi uliotoka, gawa kwa 20. Utosi wa mizunguko 14 inayoongezeka mishono 6 kila mara, toka 6 hadi 84, ni mishono 630. Ubavu wa mizunguko 14 ya mishono 84 ni 1,176. Jumla 1,806, sawa na mita 72 za uzi. Marinda yako ya mizunguko mitatu yana mishono 168, 336 na 672, yaani 1,176, na kwa sm 6 kila mmoja ni mita 70. Umening'iniza kofia ya pili kwenye ukingo wa ile ya kwanza. Kama uzi wako una mita 200 kwa gramu 100, hizo ni gramu 35 zinazoning'inia kwenye mstari mmoja wa vitanzi laini. Lazima zilale.

Mshono mrefu nao unaongeza shida. Ni nguzo nyembamba yenye nafasi pande zote mbili, inayumba. Mshono mfupi ni mfupi na mnene, umebanana na jirani yake, unasimama wenyewe. Anayetaka marinda yasimame hufuma marinda kwa mshono mfupi. Mrefu ni wa marinda ya kuteremka, kama yale ya shali au ya pindo la gauni, ambako kulala ndiko kunakotakiwa.

Linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba marinda ni urembo unaotiwa kofia ikishakamilika, kwa kupuliza, kuchovya au kubandika. Marinda ni umbo, na umbo la kroshia huamuliwa na mishono mingapi imeongezwa, na mahali gani. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell alitumia kroshia kutengeneza mifano ya aina ya bapa ambayo mzingo wake hukua haraka kuliko bapa la kawaida, kwa sababu ile ya karatasi ilikuwa dhaifu na kuharibika upesi. Siri yake ilikuwa kuongeza mishono kwa uwiano uleule mzunguko baada ya mzunguko. Kinachotokea ni mawimbi yaleyale ya jani la saladi na ya matumbawe. Jani la saladi linajikunja kwa kuwa ukingo wake umekua kupita katikati yake, na kofia hujikunja kwa sababu hiyohiyo.

Basi fumua marinda yote mpaka ubaki na mishono 84 ya ubavu. Mzunguko wa kwanza fuma mishono mifupi 84 kwa kulabu ya milimita 4. Huo ni mkanda wa kubana. Bila mkanda, ukingo hunyooka kwa uzito na kofia hupwaya baada ya kuvaliwa siku chache. Rudi kwenye kulabu ya 5. Mzunguko unaofuata ongeza mmoja kila mshono wa saba, yaani fuma miwili ndani ya huo mmoja, upate 96. Fuma mmoja bila kuongeza. Kisha ongeza kila mshono wa nane, upate 108, halafu mmoja tena bila kuongeza. Hapo una ukingo wa kama sm 3 unaotoka nje kidogo, na huo ndio utakaobeba.

Marinda yaanze hapo, si kabla. Fuma mishono mifupi miwili ndani ya kila mshono, upate 216. Mzunguko mmoja wa 216 bila kuongeza. Malizia kwa mishono ya kuteleza kuzunguka kote, ile ambayo kulabu inaingia, inavuta uzi na kupita moja kwa moja kwenye kitanzi, ukiwa umelegeza mkono. Mishono ya kuteleza iliyobanwa hujikusanya kama uzi wa mfuko na kuyakunja marinda ndani, na watu wengi huishia hapo wakadhani wamekosea kuongeza.

Ukingo huo una kama sm 144 mahali ambapo bapa lingehitaji 81. Ni chini kidogo ya mara mbili, kiwango kilekile ambacho mshonaji wa nguo hukata kitambaa chake anapotaka marinda ya kawaida. Wewe ulikuwa na karibu mara sita. Mishono mifupi 432 ya marinda inakula mita 17, karibu gramu 9. Ukitaka yajae zaidi, usizidishe tena mzunguko wa mwisho. Ongeza tabaka. Juu ya kila mshono kuna vitanzi viwili, cha mbele na cha nyuma. Ule mzunguko wa 96 usioongezwa, ufume kwenye kitanzi cha nyuma peke yake, na vitanzi 96 vya mbele vitabaki wazi kama ngazi ndogo. Ukimaliza kofia, rudi uingize mishono miwili kwenye kila kimoja. Tabaka la juu litalala juu ya ukingo, hakuna litakaloning'inia hewani.

Kuhusu rangi, madoadoa yako yana chimbuko moja na uzito. Uzi mchanganyiko hubadilika rangi kila baada ya urefu fulani. Tuseme kila rangi ina mita 1. Kwa mshono mfupi hiyo ni mishono 25. Mzunguko wa nne wa utosi una mishono 24, kwa hiyo rangi moja inauzunguka wote na unaona pete safi. Ubavuni, kwenye mishono 84, inakuwa mapande matatu au manne. Kwenye marinda, mita 1 ni mishono mirefu 16 tu kati ya 672, yaani vipande 42 vilivyokunjwakunjwa ndani ya mawimbi. Jicho halisomi machweo hapo, linasoma uchafu. Wauzaji huuonyesha uzi huo ukiwa umeviringishwa kwenye bonge, ambako kila mita imelala kando ya mwenzake. Kofia haiviringishwi hivyo.

Nunua nyuzi za rangi moja moja, nne au tano. Halafu acha kuzigawa sawasawa. Machweo hayana mistari yenye upana mmoja. Chukua picha ya machweo unayoipenda, ichoree viboksi 100, kumi kwa kumi, uhesabu kila rangi imejaza vingapi. Tuseme umepata zambarau ya kijivu 46, waridi lililofifia 27, waridi iliyokolea 18, chungwa 7, manjano 2. Kofia niliyokupangia inakula kama mita 114 kwa jumla. Chungwa ni mita 8, na ukingo wa mishono ya kuteleza 216 unakula kama mita 5. Kwa hiyo chungwa lote, au karibu lote, linatosha kuwa mstari wa mwisho wa marinda, na hapo ndipo litakapowaka kama mwanga unaopita chini ya wingu. Manjano ni mita 2 na kidogo, haitoshi hata mzunguko mmoja wa mishono mifupi 84. Ipitishe juu ya kitambaa kwa mishono ya kuteleza, mstari mmoja tu ubavuni. Hapo inatosha.

Kumbuka pia kwamba kila unapozidisha mara mbili, mzunguko wa mwisho hula uzi zaidi ya mizunguko yote ya marinda iliyoutangulia. Kwako 672 dhidi ya 504. Rangi ndogo uliyoiweka ukingoni kama kionjo hugeuka rangi kubwa kuliko zote, na kofia ya machweo inakuwa kofia ya chungwa.

Kabla ya kuanza, panga nyuzi zako kando kwa kando na uzipige picha isiyo na rangi. Zambarau na waridi iliyokolea zikitoka kijivu kimoja, mpaka wake hautaonekana ukiwa hatua chache. Badilisha moja iwe iliyokolea zaidi au iliyofifia zaidi. Ukibadili rangi, leta rangi mpya kwenye mvuto wa mwisho wa mshono uliotangulia, si kwenye mshono mpya wenyewe, la sivyo kitanzi cha rangi ya zamani kinabaki juu kama jino.

Sasa hizo dawa. Maji ya sukari yamekazia vitambaa vya kroshia vya mezani miaka mingi, na huko yanafanya kazi, kwa sababu kitambaa cha meza hakitoki jasho wala hakinyeshewi. Kofia hukaa juu ya paji la uso. Sukari huyeyuka kwa jasho, hunata kwenye nywele, huvuta vumbi na sisimizi. Gundi nyeupe ikikauka hufanya uzi uwe kama ganda. Ukikunja ukingo, ganda linavunjika na kuacha mistari myeupe. Ukilowa, inalainika na marinda yanashikana yalivyoangukia. Pasi ya mvuke kwa akriliki ni kinyume kabisa cha unachotafuta. Joto huondoa kunyumbuka kwa nyuzi hizo za plastiki, kitambaa kinalegea na kung'aa, na hakirudi tena kwa kuosha wala kwa kungoja. Aliyekwambia upige pasi ili yasimame amekuambia uyalaze milele.

Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unaofichwa ndani ya mzunguko wa mwisho ni jambo lingine. Hutumika kwa haki kwenye ukingo mpana, ila baada ya hesabu kukaa sawa, na ncha zake zipishane sm 3 hivi zikiwa zimeshonewa ndani zisichome. Kwenye ukingo wenye mishono iliyozidi, nailoni itapinda pamoja na kila kitu kingine. Waya wa chuma usitie, utashika kutu ndani ya uzi, na doa la kutu halitoki.

Kwa yeyote anayenunua maelekezo ya kofia ya marinda, soma mwisho wa kila mzunguko kabla hujatoa pesa. Kama hakuna idadi ya mishono, kama yameandikwa "fuma mbili mbili mpaka upendezwe", aliyeyaandika hajui kwa nini yake yalisimama, na hawezi kukusaidia yako yakilala. Ndio haohao wanaorudi na chupa ya dawa ya kukazia. Na kofia ya mtoto mdogo isipakwe chochote, maana ukingo wa kofia ya mtoto huishia mdomoni.

Kama yako imeshachovywa kwenye maji ya sukari, iloweke kwenye maji vuguvugu nusu saa, ibadilishie maji mara mbili, uikamue kwa taulo bila kuisokota. Ikiwa ni gundi, iloweke usiku kucha, kisha usugue kwa vidole mzunguko wa mwisho kwanza, kwani ndiko utakakoanza kufumua. Uzi utakaotoka bila kuganda uviringishe kwenye ubao, uloweshe, ukauke umenyooka, nao utatumika kwenye utosi wa kofia nyingine, ule wenye vipele vya gundi ukatupwe.