Kabla Hujafuta, Jiulize Nyuma Yake Kuna Nini

Mtu anaingia studio ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya, na simu mkononi, macho mekundu. Anafungua picha ya kikundi ya siku nyingi, anaweka kidole juu ya mmoja aliyesimama katikati: "Naomba umtoe huyu peke yake, umkuze. Kesho tunazika." Na karibu kila mara, begani mwa marehemu kuna mkono wa mtu mwingine.

Wewe unayeanza kazi hii ya kuondoa vitu kwenye picha, jifunzie kwenye mkono huo. Ukiuweza, waya za umeme juu ya bwana harusi na chupa za soda mezani hazitakupa shida.

La kwanza kulielewa ni kwamba programu ya kuhariri picha, kama Photoshop, haifuti kitu. Chini ya ule mkono hakuna shati linalongoja kufunuliwa, maana kamera haikuliona. Unachofanya ni kuufunika mkono kwa kipande ulichokitoa pengine. Kwa hiyo, kabla hujagusa brashi, kaa utazame: pale palipo na mkono pangekuwa na nini, na hicho kitu nitakipata wapi? Mimi hutumia muda mwingi kutazama kuliko kupaka, na wanafunzi wangu wanaoharakisha ndio wanaorudia kazi.

Kwa bega, jibu mara nyingi liko kwenye bega la pili. Likate, liweke kwenye leya yake (tabaka linalokaa juu ya picha bila kuigusa), ligeuze kushoto kuwa kulia, lisogeze juu ya mkono, lizungushe kidogo lifuate mteremko wa mwili, kisha ulainishe kingo. Halafu angalia mwanga. Kama jua lilikuwa upande wa kushoto, bega ulilogeuza limebeba mwanga wa upande usio wake. Lipunguze au liongeze mwanga mpaka lifanane na shingo iliyo jirani nalo.

Angalia pia maandishi. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi, niliandaa picha ya mama mmoja mwanakwaya aliyevaa sare yenye jina la kwaya yake. Niligeuza bega pamoja na kipande cha kifua, nikaridhika na mkunjo wa kitambaa, nikachapisha picha kubwa ya kuwekwa kando ya jeneza. Binti yake ndiye aliyeona kwamba herufi mbili za mwanzo zilikuwa zimegeuka kinyume. Nilirudia usiku uleule, lakini uso wa yule binti sijausahau. Ukigeuza kipande cha nguo, kagua herufi, kagua vifungo, kagua mfuko wa shati umehamia upande gani. Kanga ndiyo ya kuiogopa zaidi, kwa sababu kila mtu atasoma jina lake.

Sasa brashi. Ziko mbili za kuzijua vizuri, ile yenye alama ya muhuri na ile yenye alama ya plasta. Ya muhuri inachota sehemu moja na kuibandika nyingine kama ilivyo, rangi na kila kitu. Ya plasta, iliyoingia Photoshop 7.0 mwaka 2002, inachota umbile tu, kisha inajilinganisha na rangi na mwanga wa pale inapopaka. Ndiyo maana plasta ni nzuri kwa ngozi, ukuta uliopakwa rangi na anga. Lakini ukiipeleka karibu na ukingo wenye tofauti kali, tuseme kola nyeupe inapokutana na suti nyeusi, itavuta weusi uingie kwenye weupe na kuacha doa kama la mafuta. Hapo rudi kwenye muhuri, tena wenye ukingo mgumu kiasi. Njia nyingine ni kuzungushia sehemu unayotaka mstari wa uteuzi, uwe kama uzio, brashi isivuke.

Kuchota kwenye Photoshop unashikilia Alt na kubofya. Kwenye GIMP, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kuanzia, unashikilia Ctrl. Paka kwenye leya mpya tupu, na uiambie brashi ichote kutoka leya zote. Ukikosea unafuta kosa lako tu, picha ya chini iko salama.

Alama ya mtu anayeanza ni marudio. Amechota shina moja la chai kwenye shamba la Rungwe, akalibandika mara sita kufunika pikipiki, na jicho la mtazamaji linakwenda pale moja kwa moja. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liliachana na mpiga picha aliyezidisha moshi kwenye picha ya Beirut baada ya shambulio la ndege, na likaondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Kilichomfichua ni mawingu ya moshi yaliyofanana kupita kiasi. Kwa hiyo chota mahali pengi, badilisha ukubwa wa brashi, na ukimaliza punguza picha iwe ndogo kama kidole gumba. Marudio yanaonekana upesi ukiwa mbali.

Ukungu wetu wa huku ni mtihani wa peke yake. Ukiondoa nguzo mbele ya mlima Loleza asubuhi yenye ukungu, utadhani kazi ni rahisi kwa kuwa nyuma kote ni kijivu. Ila kijivu hicho kinabadilika polepole kutoka chini kwenda juu, na kiraka cha kijivu tofauti kidogo kitaonekana. Chota kwa usawa uleule wa kimo, kushoto au kulia kwa nguzo, usichote juu wala chini yake. Kwenye kuta za matofali ya kuchoma, zilizojaa Iringa, fuata mstari wa saruji: chota kwenye makutano ya matofali, bandika kwenye makutano ya matofali. Na ukiondoa kitu chochote, ondoa na kivuli chake. Nimeona picha ya mahafali yenye kivuli cha mtu ambaye hayupo.

Kuna njia za haraka. Tangu Photoshop CS5 ya mwaka 2010 unaweza kuzungushia kitu na programu ikajaza yenyewe kwa kuokoteza vipande vya picha hiyohiyo. Kwa nyasi na udongo naitumia bila wasiwasi. Kuanzia 2023 kuna ujazaji wa akili mnemba, unaobuni kile ambacho hakikuwepo. Huo unahitaji intaneti, na unapendeza kwa mandhari. Kwenye uso wa marehemu usiuruhusu. Kama sikio limefichwa na kofia ya jirani, akili mnemba itakupa sikio zuri la mtu asiyejulikana, na watoto wa marehemu watajua. Omba familia picha nyingine, hata ya kitambulisho.

Muombe mteja atume picha kwa WhatsApp kama dokumenti, la sivyo inabanwa na kupoteza ubora kabla hujaigusa. A4 safi inataka takribani pikseli 2480 kwa 3508. Faili jipya usilihifadhi juu ya la asili hata siku moja, na bonyeza Ctrl+S mara kwa mara, umeme hauagi.

Kazi nyingine ikatae. Aliwahi kuja bwana mmoja na picha ya kiwanja anachouza Uyole, anataka niondoe waya za umeme mkubwa zilizopita juu yake. Kiufundi ni dakika kumi. Lakini mnunuzi angeweza kuwa mtu aliye mbali, anatuma akiba yake kwa kuamini picha ile. Nilimrudishia simu yake.

Na ule mkono begani, siku hizi nauliza ni wa nani kabla sijafungua programu. Mwaka jana mzee mmoja aliniletea picha ya mke wake, nikamuuliza. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akasema, "Huu hapa. Uache." Nilikata picha usawa wa kifundo cha mkono, fremu ikaishia pale, vidole vyake vikabaki begani kwa mama.